Kifuniko cha jakuzi huoza kuanzia chini

Ukinunua nyumba Minnesota yenye jakuzi uani, anayehama hukuachia vitu viwili: jakuzi lenyewe, ambalo mara nyingi bado ni zima, na kifuniko ambacho kilikwisha zamani. Hiki cha pili hatakitaja. Siku ya kukagua nyumba kifuniko kitakuwa kimefutwa vumbi na kufungwa mikanda yake, na wewe utakuwa umeshughulika na paa, mabomba na ile basementi aliyoipenda mkeo. Utakuja kujua umehamia, usiku wa kwanza wa baridi, unapokishika kwa mikono miwili na kinagoma kuinuka.

Watu wetu wananunua nyumba za namna hii zaidi na zaidi. Vitongoji vya kaskazini ya Minneapolis, Brooklyn Park hasa, vina Wakenya wa kutosha kukufanya usahau uko wapi ukiingia kanisani Jumapili. Wengi wao wanafanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za kutunzia wazee, kazi ya kugeuza wagonjwa na kusimama saa 12. Kwa mtu anayetoka zamu ya usiku mgongo ukimuuma, maji ya moto hatua chache kutoka mlango wa jikoni si anasa ya kuchekwa. Kinachochekesha ni kwamba mtu huyohuyo atalinganisha bei za matairi wiki nzima, lakini kifuniko cha dola 500 atakiagiza kwa dakika tano, kwa kuangalia rangi.

Jina tunalokiita chombo hiki ni la ukoo. Ndugu saba wa Jacuzzi walitoka Friuli, kaskazini mashariki mwa Italia, wakahamia California na kuanza kutengeneza mapanga ya ndege. Mwaka 1921 ndege waliyoiunda wenyewe ilianguka, ndugu mmoja akafa, na ukoo ukageukia pampu za maji ya mashamba. Miaka ikapita. Mtoto wa Candido, mdogo wao wa mwisho, akashikwa na baridi yabisi akiwa bado mchanga, na pampu ndogo ya kumkanda ndani ya bafu ndiyo iliyozaa mashine ya J-300 iliyoanza kuuzwa 1956. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi, kijana wa kizazi cha baadaye, akaingiza pampu ndani ya ukuta wa bafu lenyewe. Wakati huo vijana wa Santa Barbara nao walikuwa wakijaza maji ya moto kwenye mapipa makubwa ya mbao ya kutengenezea mvinyo na kujitumbukiza humo. Bafu la Roy lilijazwa mtu akitaka kuoga, likamwagwa akimaliza. Jakuzi la uani la leo halimwagwi. Maji hukaa humo miezi mitatu, minne, yakiwa ya moto usiku na mchana, awepo mtu asiwepo. Hapo ndipo kifuniko kilipoacha kuwa kitambaa cha kuzuia majani ya miti, kikawa sehemu ya mtambo.

Jakuzi la watu watano au sita hubeba lita 1,200 hadi 1,500. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani inataka maji yasizidi nyuzi 40 za Selsiasi, na wenyewe huyaweka hapohapo au chini kidogo. Usiku wa Januari mjini Minneapolis, kwa wastani, baridi hufika nyuzi 13 chini ya sifuri. Kati ya maji na hewa kuna tofauti ya zaidi ya nyuzi 50. Ubavuni jakuzi limejazwa povu la kuzuia joto, chini lina sakafu yake. Juu kuna kifuniko, basi.

Na joto linalopotea juu halipiti kwenye kifuniko peke yake. Linabebwa na mvuke. Lita moja ya maji ya nyuzi 40 ikigeuka mvuke huondoka na kilojuli zipatazo 2,400. Piga hesabu hiyo kwenye jakuzi la lita 1,500: lita moja tu ikitoroka, maji yote yaliyobaki yanapoa kwa karibu nyuzi 0.4, na kuyarudisha pale yalipokuwa kunakula karibu uniti 0.7 za umeme. Sasa fikiria kifuniko chenye mwanya unaofuka kama sufuria ya maharage, saa 24, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ndiyo maana bili ya Februari huwafanya watu wadhani mita imeharibika.

Kabla ya kununua kipya ni vizuri kukipasua cha zamani. Hakuna somo bora. Kiweke chali kwenye sakafu ya gereji, tafuta zipu, ambayo mara nyingi imejificha upande wa mkunjo, uivute. Kama imeshikana kwa kutu au kwa magadi ya klorini, tumia kisu. Ndani utakuta mabamba mawili ya povu jeupe, lile la punjepunje linalofungashiwa televisheni, kila bamba likiwa limevikwa nailoni. Kwenye kifuniko kipya nailoni hiyo inang'aa na imebana. Kwenye kilichokufa imekuwa ya njano, inakatika ukiigusa kwa kidole, na chini yake maji yanachezacheza. Toboa kona moja uone: yanatoka ya vuguvugu, ya kahawia, na harufu ya kisima kilichoachwa. Povu lenyewe limepinda katikati kama godoro la gesti, na upande wake wa chini una madoa meusi ya kuvu. Upande wa juu, ule unaopigwa na mvua na theluji, mara nyingi bado ni mweupe.

Hapo ndipo penye jambo lote. Watu hudhani adui wa kifuniko yuko juu: jua, mvua, theluji, paka wa jirani. Jua lina madhara yake, hukausha leza ya juu, yaani ile ngozi ya vinili, ikapasuka kama kisigino. Lakini kinachoua kifuniko kinatoka chini. Mvuke wa maji ya moto, uliobeba klorini au bromini, unapanda, unagonga upande wa ndani wa kifuniko mchana kutwa, unatafuta tundu la sindano, mshono uliolegea, au mahali nailoni ilipotobolewa na kitu. Ukishaingia unapoa, unakuwa maji, na hauna njia ya kutoka. Punje za povu zenyewe hazinywi maji kwa urahisi. Maji hukaa katika nafasi kati ya punje na punje, tone kwa tone, mwaka baada ya mwaka. Kifuniko kipya cha mita mbili kwa mbili na ushee huwa na kilo 20 hivi. Kilicholowa hupita kilo 50 bila shida, na hizo zote ni lita za maji zilizokuwa ndani ya jakuzi.

Kikishalowa, hakikaushwi. Wapo wanaotoa mabamba na kuyaanika juani kiangazi kizima. Yanakauka juu, ndani yanabaki na maji, na nailoni iliyokwisha haifufuki. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 15 kuliko povu kavu, kwa hiyo kifuniko kilicholowa unaweza kukihesabu kuwa ubao mzito tu. Kuna dalili ya bure kabisa: asubuhi ya theluji tazama kifuniko chako na meza ya uani iliyo karibu nacho. Kama meza imefunikwa na theluji na kifuniko kimeyeyusha yake, unapasha joto anga ya Minnesota kwa pesa zako.

Ukilielewa hilo, kununua kunakuwa rahisi, kwa sababu unajua swali la kwanza la kumuuliza muuzaji. Muuzaji atataka kuzungumza unene. Kifuniko cha kawaida huwa kinene katikati na chembamba pembeni ili maji ya mvua yateremke: inchi 4 kwenye mkunjo na inchi 2 na nusu ukingoni, ndicho kinachouzwa sana sehemu zisizo na baridi kali. Kinene zaidi ya hicho huwa inchi 5 kwa 4. Wamarekani hupima uwezo wa kuzuia joto kwa namba wanayoiita R, na kila inchi ya povu hili hutoa R ya 4 hivi. Kwa wastani cha kwanza kinakupa 13, cha pili 18. Kwa mtu wa Minnesota au Alberta tofauti hiyo inastahili dola 60 au 100 za ziada. Kwa mtu wa Texas ni kujibebesha uzito bure.

Baada ya unene atakuja na uzito wa povu: ratili moja kwa kila futi ya ujazo, moja na nusu, au mbili, yaani kilo 16, 24 au 32 kwa mita ya ujazo. Hapa wengi hubabaishwa. Povu zito halizuii joto kwa kiasi cha kuonekana kuliko povu jepesi. Linachoongeza ni nguvu. Bamba la ratili moja linapinda mapema, hasa kama kuna mtoto anayependa kukaa juu yake au theluji ya kulala. Ratili moja na nusu inawatosha watu wengi. Mbili ni ya wenye watoto watundu na wenye theluji nyingi. Ongezea hapo chuma chembamba cha umbo la C kinachopita ndani ya ukingo wa bamba kando ya mkunjo. Kila kifuniko cha maana huwa nacho. Uliza tu kama ni cha urefu wote au kipande.

Haya yote nimeyapitia haraka kwa makusudi, maana maswali ya pesa yako ni mawili, na kwa kawaida hayamo kwenye tangazo. La kwanza: nailoni ina unene gani, na imezibwaje? Milimita 0.1 ni ya chini, 0.15 ni nzuri. Mwingine huivika mara mbili. Lakini unene hausaidii kama ncha zimekunjwa na kubandikwa utepe wa gundi, kwa sababu gundi na mvuke wa klorini hawakai nyumba moja. Unataka ncha zilizochomelewa kwa joto, pande zote, zikawa kipande kimoja. Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu papo hapo. Anayekwambia "ni imara sana mheshimiwa" hajui, au anajua.

La pili ni mkunjo. Kifuniko hukunjika katikati ili uweze kukifungua, na mahali hapo mabamba mawili yanakutana. Katika vifuniko vya bei ya chini, kati ya mabamba hayo kuna mwanya, na juu ya mwanya kuna leza peke yake. Ukivaa miwani usiku wa baridi ukasimama kwenye ncha za mkunjo, miwani itaingia ukungu. Kifuniko kizuri kina mto wa povu uliovikwa leza na kushonewa ndani ya mkunjo, kutoka ncha moja hadi nyingine, unaobana kifuniko kikifungwa. Wengine huweka vipande viwili vidogo kwenye ncha tu. Hivyo ni afadhali kuliko hakuna, lakini wa urefu wote ndio mwenyewe. Ningechagua kifuniko cha inchi 4 chenye mto kamili na nailoni iliyochomelewa kuliko cha inchi 5 kisicho navyo, na nisingefikiria mara mbili.

Kuhusu leza ya nje, tafuta ile wanayoiita ya boti, iliyotiwa dawa ya kuzuia jua na kuvu, yenye kitambaa cha polista mgongoni. Si ile ya viti vya matatu. Uzi nao uwe wa polista, kwa sababu wa pamba unaoza msimu wa pili. Geuza upande wa chini uone kama kuna vitundu vyenye ringi za shaba. Hivyo ni vya kutolea maji yanayopita kwenye mishono, na kifuniko kisicho navyo kimetengenezwa na mtu anayeamini kwamba maji hayaingii. Rangi chagua upendayo. Nyeusi hupendeza mwezi wa kwanza, halafu jua la Julai likipiga unaijua ubaya wake.

Sasa vipimo, mahali ambapo pesa nyingi hupotea. Vifuniko hivi hushonwa kwa oda, na kilichoshonwa kwa vipimo vyako hakirudishwi. Shemeji yangu wa Brooklyn Park alinipigia simu kiangazi kilichopita, sauti ya mtu aliyekwisha jijibu.

"Shemeji, kifuniko kimefika. Kinacheza."

"Ulipima nini?"

"Si nilipima kile cha zamani?"

"Cha zamani kilikuwa kimelowa, shem. Kilikuwa kimetanuka."

Kimya kidogo. "Basi ndiyo hivyo. Dada yako asijue."

Cha zamani hakipimwi. Kifuniko kilichojaa maji hutanuka, leza iliyopigwa na jua hujikunja, na mwenye nyumba aliyetangulia huenda naye alikosea. Kinachopimwa ni jakuzi. Kiondoe kifuniko, safisha ukingo wa juu, chukua futikamba, na pima kutoka ncha ya nje ya ukingo hadi ncha ya nje ya upande wa pili, urefu kwanza halafu upana. Usifikirie kwamba ni mraba kwa sababu unaonekana mraba. Majakuzi mengi yana inchi moja au mbili za tofauti, na mengine yamepinda kidogo kwenye uso wa mbele. Pima pia kwa mshazari, kona kwa kona, mara zote mbili. Namba zikipishana, jakuzi halijakaa skwea na kiwanda kinapaswa kuambiwa. Andika kwa inchi, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyofanya kazi. Mtu aliyetuma 213 akimaanisha sentimita atapigiwa simu na kiwanda, akiwa na bahati.

Kona zina shughuli yake. Karibu zote ni za mviringo, na kiwanda kitakuuliza nusu kipenyo. Njia ya fundi ni hii: chukua skwea, au mbao mbili zilizonyooka, uziweke kwenye kona hadi kila moja ilale kwenye upande wake wa jakuzi na zikutane nje ya mviringo. Mahali zinapokutana ni kona ya hewani, kona ambayo ingekuwepo kama jakuzi lingekuwa la pembe kali. Kutoka hapo pima kurudi kwenye upande hadi mahali ukingo unapoanza kupinda. Hicho ndicho kipimo. Kama ni inchi 8 upande mmoja, jaribu na upande wa pili wa kona hiyohiyo. Ukipata 8 tena, ni mviringo wa kweli. Ukipata 8 na 10, kona si mviringo kamili, na ni busara kuichora kwenye karatasi kubwa na kuituma picha. Fanya kona zote nne. Kampuni zinazotengeneza majakuzi hupenda kuweka kona ya bodi ya kuendeshea tofauti na zile tatu.

Baada ya hapo kuna pindo, kile kitambaa kinachoning'inia ubavuni kikifunika ukingo. Kipime kutoka juu ya ukingo hadi pale panapoanza ubavu wa mbao au plastiki, au hadi sakafu ya dek kama jakuzi limezamishwa. Pindo refu mno kwenye jakuzi lililozamishwa hujikunja chini na kukiinua kifuniko, na upepo unaingia. Fupi mno linaacha mwanya wa mvuke kutoka. Inchi 3 hadi 5 huwa kawaida.

Halafu mwelekeo wa mkunjo. Hili linasahauliwa na watu wenye akili zao. Kama una mkono wa chuma wa kuinulia kifuniko, fimbo yake inapita kwenye mkunjo, na mkunjo lazima uende sambamba na upande ambao kifuniko kitaangukia kikifunguliwa. Jakuzi la inchi 84 kwa 78 lina njia mbili za kukunja, na moja tu ndiyo ya mkono wako. Simama mbele ya jakuzi, chora kwa kalamu: hapa ngazi, hapa ukuta wa nyumba, hapa kifuniko kinapolala. Tuma mchoro pamoja na oda. Nyuma ya jakuzi acha nafasi ya sentimita 45 hadi 60, kutegemea aina ya mkono. Kama huna mkono wa kuinulia, nunua. Kifuniko kinachovutwa sakafuni kila siku hutoboka nailoni kwenye kona ndani ya mwaka mmoja, na tayari tumeshasema kinachofuata.

Mikanda ya kufungia si mapambo, na hapa sitanii. Maji ya moto yaliyo wazi uani ni hatari kwa mtoto mdogo, kama yalivyo maji ya bwawa lolote. Marekani kuna kiwango cha usalama cha vifuniko kinachoitwa ASTM F1346, na kifuniko kinachokidhi kiwango hicho hushonewa lebo yenye jina hilo. Kinataka kifuniko kifungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kufungua, maji ya mvua yasijikusanye juu yake, na kwa jakuzi lisilozidi futi 8 kibebe uzito wa kilo 125, yaani mtu mzima na mtoto, ili wa kuokoa aweze kumfikia wa kuokolewa. Haimaanishi ni jukwaa. Serikali za miji mingi, Marekani na Kanada, hukuruhusu usijenge uzio kuzunguka jakuzi kama lina kifuniko cha kufuli. Nenda ofisi ya mji wako uulize inataka nini. Kifuniko kipya kitakuja na mikanda mipya na mabizimu yake, na mara nyingi matundu hayatalingana na yale ya zamani. Watu huacha mikanda ikining'inia kwa sababu skrubu nne zimewashinda. Zikaze siku hiyohiyo kifuniko kilipofika, na ufunguo usikae kwenye kufuli. Kama una wajukuu wanaokuja likizo, hiki ndicho kipengele cha kwanza cha kuulizia, kabla ya R na kabla ya inchi.

Theluji ina uzito wake. Sentimita 30 za theluji laini juu ya jakuzi la mita 2.1 kwa 2.1 ni kilo 130 hivi. Ikilowa huwa mara mbili au tatu. Minneapolis ilipata sentimita 72 katika dhoruba moja iliyoanza Oktoba 31, 1991. Ondoa theluji kwa ufagio laini, na beleshi liache gereji. Barafu iliyoganda usiipigepige; mimina maji ya vuguvugu kidogo pembeni uisubiri iachie.

Zipo njia nyingine zisizo na povu. Kuna vifuniko vya mifuko ya hewa, ambavyo hubaki vyepesi miaka yote kwa sababu hakuna cha kulowa, lakini vinashonwa kwa vipimo vilevile na bei yake iko juu zaidi. Kuna vya kukunja kama mkeka, vyenye vipande vyembamba vya povu ndani ya kitambaa: rahisi kwa mtu mmoja mwenye mgongo mbovu, ila mishono yake ni mingi, na mshono ni njia ya mvuke. Kuna vya alumini, na vya kuinuliwa na mota vinavyogeuka kibanda cha paa, kwa wenye pesa za gari ndogo. Kwa nyumba ya kawaida, bado kifuniko cha povu kilichotengenezwa vizuri ndicho ninachoshauri.

Kitu kimoja cha bei ndogo kinasaidia kuliko vyote: blanketi la plastiki la viputo linaloelea juu ya maji, chini ya kifuniko. Mvuke unazuiwa kabla haujapanda. Ukishatia klorini ya nguvu, acha kifuniko wazi kama nusu saa ili gesi itoke nje badala ya kupanda kwenye nailoni. Leza ya juu ioshe kwa sabuni laini, kisha ipake dawa ya kinga ya vinili. Mafuta ya kula, vaselini na yale ya kung'arisha dashibodi yanaifanya ing'ae wiki mbili halafu yanaikausha. Kwa matunzo hayo kifuniko kizuri hudumu miaka 5 hadi 7.

Nyumbani Afrika Mashariki swali hili halijawa la watu wengi, ila lipo katika nyumba za kukodisha za nyanda za juu, Nanyuki kwa mfano, ambako usiku ni baridi ya kweli. Kusafirisha sanduku la mita mbili kutoka Marekani kunagharimu kuliko kilichomo. Lakini hakuna kitu ndani yake kisichopatikana. Povu lilelile linazalishwa Kenya; Shirika la Taifa la Nyumba lina kiwanda chake Mavoko kinachotoa mabamba ya kujengea nyumba. Leza ipo, polista ipo, na fundi wa makochi anajua kushona mto. Mwonyeshe mkunjo, mwonyeshe jinsi ya kuchomelea nailoni kwa pasi na karatasi katikati, na mpe vipimo vya jakuzi. Kufuli na mikanda nunua vya dukani, vyenye lebo.

Cha zamani kitakusumbua kidogo. Povu hili miji mingi ya Marekani haichukui kwenye pipa la kuchakatia, kwa hiyo litakaa gereji hadi siku ya takataka kubwa. Wauzaji wengine wakileta kipya huondoka na cha zamani kwa ada ndogo. Uliza kabla ya kulipa.

Na kama chako kimeanza kuwa kizito, kipasue Agosti na uagize Agosti. Kifuniko cha oda huchukua wiki kadhaa kushonwa na kufika, kila mwenye jakuzi wa kaskazini hukumbuka chake Oktoba, na Oktoba hiyohiyo Minnesota theluji huweza kuanguka.